WANAOTUTUMIKIA USIKU WALALE WAPI?

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wapenzi wa Chama, Bagara, Babati



Nimepewa nusu saa, na kwa kuwa nimesomea ualimu, mwajua wenyewe nusu saa ya mwalimu ina dakika ngapi. (Kicheko.) Nitajitahidi. Sikuja leo kuzungumza habari za uchaguzi wala za kadi. Nimekuja kuzungumza habari ya nyumba, wala si nyumba zetu sisi, bali nyumba za watu wanaokaa macho ili sisi tulale.

Nianze na jambo lililonipata mimi mwenyewe. Usiku aliozaliwa mwanangu wa kwanza, mkunga aliyempokea alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mikono ya kazi. Kulipokucha nilimletea chai. Akaishika kikombe kwa mikono miwili, akasinzia kikombe kikiwa mkononi. Nilipomwuliza, akaniambia kwamba hakuwa amelala usingizi wa kweli kwa siku mbili. Kazi ya zamu haikuwa imemchosha kiasi hicho. Kilichomchosha ni chumba. Alikuwa amepanga chumba kimoja mbali na kazini. Mchana bati linachemka kama kikaango, upande mmoja pana kinu cha kutwangia, upande wa pili pana mashine ya kuchomelea vyuma. Atalala saa ngapi? Na mwenye nyumba alikuwa amemwambia alete kodi ya miezi sita kwa mkupuo au atafute pengine.

Ndugu zangu, mkono ule uliokuwa ukisinzia ndio uliokata kitovu cha mwanangu. Tangu siku hiyo habari ya nyumba za watumishi imekuwa kwangu habari ya maisha ya watoto wetu.

Yafaa tuelewane kwanza ni watu gani ninaowasema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imezitaja huduma ambazo taifa haliwezi kukaa bila ya kuwa nazo: maji na usafi, umeme, afya pamoja na maabara zake, zimamoto, uongozaji wa ndege, na usafiri unaohitajika kuziendesha hizo. Sheria hiyo imewabana wafanyakazi wa huduma hizo wasigome kama wenzao wanavyoweza kugoma. Sina ugomvi na jambo hilo. Mtu hawezi kuiacha maiti mezani au mgonjwa chumba cha upasuaji akaenda kupiga kelele barabarani. Lakini nawauliza: mtu uliyemfunga mkono asidai kwa nguvu, je, huna deni kwake? Ukimwambia muuguzi, fundi wa maji na askari wa zimamoto kwamba kazi yao ni ya lazima mno hata hawaruhusiwi kugoma, basi na usingizi wao ni wa lazima vilevile. (Makofi.) Walimu hawamo katika orodha ile ya sheria. Mimi nawatia, na mwenye kusema najipendelea na aseme.

Habari hii si ngeni katika Afrika Mashariki. Wakati wa ukoloni, reli na serikali zilijenga makazi ya wafanyakazi, kama kule Muthurwa katika mji wa Nairobi. Lakini zilijengwa kwa fikira moja mbaya sana: kwamba Mwafrika mjini ni mtu wa kupita, hana mke, hana mtoto, hana mgeni, anahitaji mahali pa kulaza mbavu tu, na akichoka arudi kijijini kwao. Kwa hiyo wakampa chumba kimoja, bomba la pamoja, choo cha pamoja. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na katika madai yao ya mbele kabisa ilikuwamo posho ya nyumba. Hawakuwa wajinga. Walijua kwamba mshahara unaomezwa na kodi ya chumba si mshahara.

Tulipopata Uhuru tulianza vizuri. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1962, likaanza kuvunja vibanda vya Dar es Salaam na kujenga nyumba za watu wa kipato cha chini, Magomeni na kwingineko. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Ikaja Benki ya Nyumba, ambayo ilikufa katika miaka ya 1990. Na kila mji wa wilaya ulikuwa na nyumba za serikali, zile tulizoziita kota. Hakimu akihamishwa huyu anatoka, yule anaingia, na ufunguo unabaki ofisini.

Kisha, kuanzia mwaka 2002, Serikali ikaanza kuziuza nyumba zake kwa watumishi waliokuwa wakiishi ndani. Mimi wakati ule nilikuwa mtoto. Lakini nasema wazi kwamba tulikosea, na sisemi hivyo kwa chuki na walionunua. Hata mimi ningekuwapo ningenunua. Nyumba ya kazi ikishauzwa si ya kazi tena. Yule aliyenunua amestaafu, nyumba ni yake, na muuguzi aliyeletwa mwaka huu anazunguka na begi lake akiuliza dalali. Tukumbuke neno hili, nitalirudia baadaye.

Babati ikawa makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulipogawanywa kutoka Arusha mwaka 2002, mwaka uleule. Mji ukapata ofisi, ukapata barabara za lami za kwenda Arusha, Singida na Dodoma, ukapata watu. Kila penye njia kuu pana ajali, pana wagonjwa, pana wageni. Kwa hiyo pana haja ya watu wa zamu. Na watu hao huja hapa Bagara kutafuta vyumba kwa sababu Bagara tuko mjini. Sisi ndio tunaowapangisha. Kwa hiyo tusiyaseme mambo haya kama watu wa mbali. Baadhi yetu tuliomo humu ndio wenye nyumba wenye kudai miezi sita. (Kicheko, sauti: "Sema!")

Sasa nije kwenye shabaha. Viwanja vya kila mtumishi na nyumba yake na bustani yake havitatosha, na tukivitafuta tutavipata mbali, na umbali ndio ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo nasema yafaa tudai majumba ya ghorofa, karibu na kazi. Najua mlivyonuna niliposema ghorofa. Nimetembea nyumba kwa nyumba katika tawi letu na nimeyasikia yote. Wengine wasema ghorofa ni mambo ya Dar es Salaam. Mama mmoja aliniuliza ataanika wapi mahindi. Na mzee mmoja, ambaye yumo humu leo, alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, mtu akifa huko juu, atashushwa vipi?"

Nawaambia, hakuna fundi aliyeniuliza swali la maana kuliko la mzee huyu.

Tutazame walikojenga kabla yetu. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilijenga majumba ya ghorofa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, Kilimani na Kikwajuni, kisha yale marefu ya Michenzani, na hata mashamba kama Bambi na Makunduchi. Nia ilikuwa njema kabisa: mtu wa kibanda apate sakafu ya saruji, bomba ndani, na umeme. Maelfu walizipata, na mpaka leo zinakaliwa. Lakini ramani zilitoka nchi ya baridi na theluji, nchi ambayo mtu hufunga mlango akakaa ndani. Mswahili maisha yake yako barazani na uani. Kule Michenzani maji yakawa hayafiki ghorofa za juu, watu wakabeba ndoo ngazini. Kuku na majiko yakatafuta pa kukaa. Basi kosa halikuwa ghorofa. Kosa lilikuwa kwamba hakuulizwa mama atapika vipi.

Nami nina ushahidi wangu mdogo. Chuoni tulilala ghorofa ya pili, na maji hayakupanda. Kwa miaka miwili nilijifunza nadharia za elimu asubuhi, na jioni nilijifunza uzito wa ndoo ya lita ishirini katika vipandio thelathini na sita. Hili la pili nimelikumbuka vizuri zaidi.

Kwa hiyo nasema majumba ya Bagara yasizidi ghorofa mbili juu ya ile ya chini. Hapo hapahitajiki lifti, ambayo ingekufa mwaka wa pili na kugeuzwa stoo ya ndizi. Kila sakafu iwe na makao manne, jumla kumi na mbili kwa jumba moja. Familia kumi na mbili watu hufahamiana. Wajua mtoto yule ni wa nani, na taa ile nani kaiacha. Familia mia katika jumba moja hakuna anayemjua mwenzake, na wasiojuana hawafagii ngazi.

Ngazi na ianze na swali la mzee. Iwe na upana wa mita moja na nusu, na mahali pa kugeukia papana kiasi cha watu wanne waliobeba jeneza, au machela ya mgonjwa, kugeuka bila ya kuliinamisha. Hilo halitaongeza gharama nyingi likichorwa mwanzo. Likisahauliwa, haliwezi kurekebishwa milele. Kipandio kisizidi sentimita 17 kwa kimo, maana mama mjamzito na bibi aliyekuja kumtazama mjukuu nao watapanda.

Sasa jua. Sisi tuko karibu digrii nne kusini ya mstari wa ikweta. Jua letu hupita juu ya vichwa, miezi ya Juni likilalia kaskazini, Desemba likilalia kusini. Kwa hiyo likiwa juu hivyo ni rahisi kulizuia: dari la varanda la mita moja tu litafunika sehemu kubwa ya ukuta wa kaskazini na wa kusini wakati wa adhuhuri. Lakini jua la asubuhi na la alasiri huja chini, linaingia moja kwa moja mpaka kitandani, na varanda haiwezi kulizuia. Basi jumba na lilale mashariki na magharibi, pande zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, na kuta za vichwani zisiwe na madirisha, au ziwe na madogo ya chooni tu. Jambo hili halina bei. Ni kuzungusha karatasi ya ramani mezani. Na ajabu ni kwamba wengi hujenga kwa kutazama barabara, si jua, kisha wakanunua feni.

Kila makao yawe na madirisha pande mbili, upepo uingie huku utokee kule. Wala tusisahau kwamba Babati si Tanga. Tuko juu, zaidi ya mita 1,300 kutoka bahari, na Juni na Julai usiku wetu wauma. Bati peke yake ni adui mara mbili: mchana linachoma, usiku linaganda. Babu zetu hawakuwa na chuo cha uhandisi, lakini tembe za Wagorowa, za Wairaqw na za Warangi zilikuwa na kuta nene na paa la udongo. Joto la mchana lilichelewa kuingia, na likiisha kuingia lilichelewa kutoka, kwa hiyo usiku wa baridi mtu alilala. Sisemi turudi kwenye tembe. Nasema ukuta mnene na dari yenye nafasi ya hewa chini ya bati hufanya kazi ileile, na tusikubali mtu kutuletea ukuta mwembamba kwa jina la maendeleo.

Ukuta wa nini? Hapa nitasimama kidogo, maana hili ni letu. Tofali la kuchoma ni zuri kwa macho, lakini lakula msitu. Wazee wa wilaya yetu mwajua historia ya msitu wa Duru-Haitemba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa ukikatwa hovyo. Serikali ikataka kuufanya hifadhi yake, wananchi wakakataa, na mwaka 1994 na 1995 vijiji vyenyewe vikachukua ulinzi, vikaweka sheria zao na walinzi wao, na miti ikarudi. Watu wa nchi nyingine wamekuja kujifunza hapa kwetu. Itakuwa aibu gani, sisi tulioufundisha ulimwengu kulinda msitu, tujenge nyumba za watumishi kwa kuuchoma! (Makofi.)

Iko njia nyingine. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeeneza tofali la kufungamana: udongo wa hapohapo, saruji kidogo, kwa kadiri sehemu moja kwa kumi au zaidi kufuatana na udongo wenyewe, unashindiliwa kwa mashine ya mkono, tofali linakaa kivulini likimwagiwa maji mpaka likomae. Halichomwi hata kwa kijiti. Lina mwanya na ulimi, hushikana lenyewe, na chokaa na saruji ya kuungia huhitajika kidogo sana. Vijana wa hapa wataweza kulipiga, na fedha ya ujenzi ikabaki Bagara badala ya kupanda lori. Lakini nisiwadanganye. Kwa jumba la sakafu tatu, hatutegemei tofali hilo kubeba kila kitu. Nguzo na mihimili ya zege yenye nondo ndiyo ibebe, tofali lijaze ukuta. Maana tuko katika Bonde la Ufa, na ardhi ya bonde hutikisika. Mkandarasi atakayewaambia nondo zipunguzwe kwa sababu "hapa ni Babati tu", mfukuzeni.

Na mahali pa kujenga. Tusijenge penye bei rahisi kwa kuwa pana maji. Wazee mwakumbuka mafuriko ya ziwa letu mwaka 1990. Na jirani zetu wa Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, tope kutoka Mlima Hanang liliwashukia asubuhi likabeba nyumba na watu. Sisi nasi tuna Kwaraa juu na ziwa chini. Maji machafu ya Bagara yaweza kufika ziwani, kwa hiyo mashimo ya maji machafu ya jumba la familia kumi na mbili yachorwe na mtu anayejua, mbali na visima, na gari la kunyonya liweze kuyafikia bila ya kuvunja ukuta.

Maji ya juu nayo. Chukueni paa la mita za eneo 300. Mvua ya milimita 700 kwa mwaka, ambayo si kubwa, huangusha juu yake lita 210,000. Tupoteze moja kwa tano, yabaki 168,000. Gawanya kwa familia kumi na mbili: lita 14,000 kila familia, yaani kama lita 38 kwa siku, ndoo mbili kasoro kidogo. Haitoshi kwa kila kitu, lakini yatosha kufua na kusafisha choo, na bomba libaki la kunywa na kupikia. Ila mvua yetu haiji kila siku. Yaja Novemba mpaka Mei, kisha kimya. Kwa hiyo pahitajika tangi kubwa chini ya ardhi, na pampu ya mkono pembeni yake pamoja na ile ya umeme, ili umeme ukikatika watu wasirudi katika elimu yangu ya vipandio thelathini na sita.

Sasa usingizi, ambao ndio uliotuleta hapa. Mchoraji wa kawaida hudhani watu wote hulala usiku. Katika jumba la watumishi wa zamu, saa nne asubuhi mmoja amelala na mwingine anafua. Basi chumba cha kulala kiwe juu ya chumba cha kulala, na jiko juu ya jiko, ili kishindo cha jiko la juu kisimwangukie aliyelala chini. Mpango huo hukusanya pia mabomba yote mahali pamoja, na bomba likivuja fundi huvunja ukuta mmoja, si minne. Vyumba vya kulala viwe upande usiotazama uwanja wala barabara, na madirisha yawe na vibao vya kufunga mwanga. Kutwanga, kupasua kuni, kuchomelea: yote chini, katika banda lililo mwisho wa uwanja. Si marufuku kutwanga! Mama, kinu chako hakuna atakayekigusa. Kitakaa juu ya ardhi, si juu ya kichwa cha muuguzi. (Kicheko na makofi.) Na uwanja huohuo ndio jibu la mahindi: pa kuanikia, pa watoto kucheza mbele ya macho ya wazazi, pa kufunga turubai siku ya arusi na siku ya msiba. Jumba lisilo na pa kuwekea msiba si nyumba ya watu wa kwetu.

Jiko liwe na dirisha lake na tundu la kutolea moshi. Serikali ilitangaza mwaka 2024 shabaha ya asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034; vyema, lakini mpaka hapo watu watachemsha maharage kwa mkaa, na gesi siku ikiisha mwezi haujaisha. Nani hajui? Umeme kila makao yawe na mita yake ya LUKU. Mita ya pamoja imevunja urafiki mwingi kuliko siasa.

Nirudi kwenye neno nililoahidi. Nani atapewa, na kwa masharti gani?

Kwanza, wasipewe wakubwa. Ofisa mwenye gari anaweza kukaa mbali. Anayetoka kazini saa nane usiku kwa miguu ndiye awe wa kwanza: muuguzi, mkunga, mtu wa maabara, dereva wa gari la wagonjwa, fundi wa maji na wa umeme, zimamoto, na mzoa taka. Nimesema mzoa taka na nitasema tena, maana kuna walioguna. Kipindupindu hakiulizi cheo.

Pili, zisiuzwe kamwe. Najua ipo Sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo, na mahali pengine ni sheria nzuri. Kule Magomeni, kaya 644 zilizotolewa katika kota za zamani zilingoja karibu miaka kumi mpaka majumba mapya yaliyojengwa na Wakala wa Majengo yalipofunguliwa rasmi tarehe 23 Machi 2022. Wale walikuwa wakazi wa siku nyingi, wana haki ya kutazamia kununua. Lakini nyumba ya zamu ni kama koti la zamu. Ukimaliza zamu humpa mwenzio. Tukiiuza, baada ya miaka ishirini atasimama hapa kijana mwingine kutoa hotuba hiihii.

Tatu, na hapa sina hakika kama mtakubaliana nami. Muuguzi akifa, watoto wake watoke lini? Wapo waliosema kwenye mkutano wa tawi kwamba watoke mwezi huohuo, kwa kuwa nyumba ni ya kazi. Mimi nasema wapewe mwaka mzima, kwa kodi ileile, mtoto amalize darasa lake. Mstaafu apewe miezi sita, na aanze kuhesabu miaka mitatu kabla, maana tarehe ya kustaafu haimshtukizi mtu. Hasara itakuwapo. Nyumba itakuwa na mtu asiye wa zamu kwa mwaka. Naikubali hasara hiyo.

Nne, matengenezo. Mji wa Vienna, nchi ya Austria, ulitoza kodi maalumu ya nyumba tangu 1923, ukajenga majumba ya wafanyakazi, na mojawapo, Karl-Marx-Hof la mwaka 1930, lilikuwa na makao zaidi ya 1,300 pamoja na mahali pa kufulia na shule za chekechea. Karibu miaka mia baadaye watu wangali wamo ndani, kwa sababu liliendelea kutunzwa. Majirani zetu wa Kenya nao mwaka 2024 waliweka sheria ya makato ya asilimia moja na nusu ya mshahara kwa ajili ya nyumba, na kelele zake mmezisikia. Sisi hapa tuanze na lililo mkononi. Familia kumi na mbili, kila moja shilingi 10,000 kwa mwezi zitoke ndani ya kodi yao, zisiongezwe juu yake: ni 120,000 kwa mwezi, 1,440,000 kwa mwaka. Ziwekwe benki kwa jina la jumba, watie saini watatu, mmoja wao awe mwanamke. Rangi, bomba, taa ya ngazi, kunyonya shimo: vyote humo. Hesabu ibandikwe ukutani kila mwezi mahali ambapo hata mtoto ataisoma.

Kuna mwanachama aliyeniambia, "Ndugu, eneo likipatikana, tuligawe viwanja tuuze, kila mmoja apate chake." Simlaumu. Mtu mwenye shida hutazama kilicho karibu. Lakini eneo la kukaa familia kumi na mbili na uwanja wao, ukilikata viwanja, litapata watu wachache, tena wenye fedha, ambao baada ya mwaka watajenga vyumba vya kupangisha na kumdai muuguzi kodi ya miezi sita.

Nimekwisha kuzidisha dakika zangu, Mwenyekiti amenitazama mara mbili. Lililobaki ni kazi. Jumapili hii saa tisa alasiri, tukutane uwanjani hapo nje na kamba, vigingi na majivu. Tutachora makao moja kwa ukubwa wake kamili juu ya ardhi: sebule, vyumba viwili, jiko, choo, varanda, na ngazi yenye pembe yake. Nimeomba wauguzi wawili walio mapumzikoni waje, na mama yule wa mahindi, na fundi seremala aje na kitanda cha futi tano kwa sita tuone kama mlango utakipitisha. Mzee wangu uliyeniuliza swali, nakuomba nawe uje, na vijana wanne wa kubeba benchi refu hili lililo mbele yangu. Tutalipitisha kwenye ngazi ya majivu. Likigusa mstari, tutaufuta na kuuchora upya.